Maji Yakipwa, Watoto Wetu Wako Wapi?

Ukitaka kujua kama mtoto wa pwani amefundwa na pwani yake, muulize swali moja tu: leo maji yatakupwa saa ngapi? Zamani swali hilo halikuwa mtihani. Mtoto wa miaka minane alikumbuka mwezi wa jana usiku, akahesabu vidole, akajibu. Leo ukiliuliza mbele ya darasa zima, aghalabu utajibiwa kwa kimya. Na watoto hao hao wanaweza kukutajia majira manne ya mwaka ya Ulaya, na kukueleza habari za theluji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishika.

Wasomaji wapenzi, siandiki haya ili niwatupie walimu lawama. Walimu wetu wamebebeshwa mzigo wa kutosha. Nia yangu ni kusema jambo moja ambalo naona limekaa mbele ya macho yetu muda mrefu bila kutajwa: sisi watu wa mwambao tuna darasa kubwa lililo wazi mlangoni petu, darasa lisilodai karo wala madawati, na ratiba tuliyoipanga kwa mikono yetu ndiyo inayowazuia watoto wasiliingie. Naomba ratiba hiyo ilegezwe kidogo. Naomba asubuhi mbili kila mwezi.

Saa ya bahari

Wanaoijua bahari wataniwia radhi nikieleza wanayoyajua. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana wake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, maji huwa ya bamvu: hujaa sana yakapwa sana, na pale Mombasa tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukifika saba au nane, na tena ukifika ishirini na moja au ishirini na mbili, huwa maji mafu, na tofauti hiyo hurudi kwenye mita moja na kidogo. Na kila siku inayopita, saa za maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50.

Sasa tazama ajabu iliyopo. Siku za bamvu hapa kwetu maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni. Maana yake ni kwamba hupwa asubuhi, baina ya saa nne na saa tano. Basi siku zile bahari inapofunua mwamba wake, ikaacha vidimbwi vilivyojaa viumbe, ikaonyesha mizizi ya mikoko na njia za kaa, inafanya hivyo mchana kweupe, katikati ya asubuhi, wakati kila mtoto wa mwambao amekaa ndani anatazama ubao. Na saa ile kengele ya kwenda nyumbani inapogongwa, maji nayo yamekwisha rudi, darasa limefungwa.

Kwa mtoto wa Kiislamu jambo hili lastaajabisha zaidi, kwa kuwa yeye ana ufunguo mkononi. Miezi yetu ni ya kuandama. Anayejua kuwa leo ni mwezi mosi Shaaban amekwisha jua kuwa maji ni ya bamvu. Anayejua kuwa leo ni mwezi nane Rajabu amekwisha jua kuwa maji ni mafu. Nilikaa barazani na watoto watano wa gredi ya sita katika siku za kuusubiri mwezi wa Ramadhani. Wote watano walijua tarehe ya Kiislamu bila kubabaika, wala hapakuwa na mmoja aliyejua kuwa tarehe ile ina uhusiano na maji yaliyokuwa yakisikika pale tulipokaa. Nilipowaambia ile habari ya dakika 50, walichukua karatasi wakapiga hesabu ya wiki nzima. Haikuwa hesabu ngumu. Ilikuwa ya kujumlisha tu. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuwaunganishia mambo mawili waliyokuwa nayo tayari.

Yaliyomo katika darasa hilo

Huenda msomaji akauliza: watoto wakishapelekwa huko nje, watasoma nini, au watacheza tu? Nitataja machache.

Nianze na lililo jepesi, ambalo hata shule iliyo mbali na bahari yaweza kulifanya. Simamisha kijiti uwanjani. Pima kivuli chake adhuhuri, kisha ungoje alasiri. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu. Hapo pana vipimo, pana kujumlisha, pana fikihi, na pana sayari inayozunguka, vyote katika kijiti kimoja. Mtoto akiendelea kupima mwaka mzima atagundua jambo ambalo wakazi wengi wa Mombasa hawajaliona: mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba kivuli cha adhuhuri karibu kitoweke kabisa, na baina ya vipindi hivyo huhama upande, mara kusini, mara kaskazini. Mtoto aliyekiona kivuli kikihama hahitaji kukariri maana ya ikweta.

La pili ni pepo. Wazee wetu walikuwa na kalenda mbili. Ya mwezi iliwaongoza katika ibada na katika maji. Ya jua, iliyoanza siku ya Nairuzi, waliihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, nayo iliwaongoza katika kilimo na safari. Kwa hesabu hiyo walijua lini kusi litaanza kuvuma na lini kaskazi itashika, na lini bahari itafungwa. Kulima nako kulitazamiwa nyota, na methali ya kilimia yatukumbusha: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Asidhani mtu kuwa hiyo ilikuwa elimu ndogo. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi pamoja na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo. Kusi ndiyo kwanza laanza, na kwa siku 23 hivi merikebu zake zikaiona nchi ya Bara Hindi karibu na Calicut. Wakati wa kurudi hakuungoja upepo wake. Alitoka pwani ya Hindi mwezi wa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, akakaa baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 ndipo walipoiona Malindi tena. Bahari ni ile ile na merikebu ni zile zile. Tofauti ilikuwa ni kuujua upepo, na elimu ile rubani hakuipata chini ya dari.

La tatu ni mikoko. Kenya ina aina tisa za miti hii, nayo hukaa kwa mpango. Mlilana hupenda kusimama mbele kabisa, unapopigwa na mawimbi, na mafundi wa vyombo walitoa humo mataruma. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu. Mkandaa hukaa nyuma yake, na maganda yake yalitumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchu huchomoza vijizizi vyembamba kama kalamu zilizochomekwa topeni, nao huvuta pumzi kwa hivyo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini kwa mama yake, kisha hudondoka imekwisha kuwa mche. Mtoto akiyaona haya kwa macho, halafu akarudi nyumbani akatazama boriti za dari, ataelewa kwa nini vyumba vya majumba ya kale ya Lamu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na boriti iliamuliwa na mti. Hiyo ni sayansi, na ni historia, na ni habari za nyumba yake mwenyewe.

La nne ni mwamba. Hapa pana tumbawe, pweza, kasa, majongoo ya pwani, na kile kiti cha pweza ambacho watoto hukifurahia kwa mikono yake mitano. Pana pia hatari, na hilo nitalirudia.

Na kwa wale wanaokaa mbali na maji, mwambao wetu haukunyimwa. Kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye zaidi ya kilomita za mraba 400. Kuna misitu ya kaya za jirani zetu Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtoto apelekwe kwa idhini ya wazee wa kaya na kwa adabu zao, ajifunze kwamba kuna msitu uliodumu kwa sababu watu waliuheshimu.

Tulivyotoka nje ya darasa

Zamani mafunzo haya hayakuwa na jina. Mtoto alimfuata babake, ami yake au mjomba wake. Alibebeshwa tenga, alitumwa kupiga makasia, alikaripiwa alipokanyaga pasipofaa. Mtoto wa kike alifuatana na mamake na nyanyake maji yalipokupwa, wakaokota chaza na kome, wamejisitiri na wamekamilika. Haikuwa michezo. Ilikuwa chuo, kilichokuwa na walimu na nidhamu, na mtihani wake ulikuwa kitoweo cha jioni.

Kisha mambo yakabadilika, na mengine yalibadilika kwa heri. Shule zilienea, nasi tulizitaka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 masomo yaliongezeka, mitihani ikawa ndiyo kipimo cha kila kitu, na masomo ya ziada yakaila asubuhi ya Jumamosi. Madrasa nayo ikachukua jioni na mwisho wa wiki, na ni haki yake. Mtoto akawa anatoka chumba hiki anaingia chumba kile. Baadaye ikaja runinga, ikaja na simu ya mkononi.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halikuja kwa heri. Njia za kushukia pwani zimezibwa. Pale palipokuwa na kichochoro cha wavuvi pamesimama ukuta; pale palipokuwa na diko la kutia vyombo pana lango na askari. Sitaji mtu wala mahali, kwa maana kila msomaji anao mfano wake. Nataka tu tulitafakari hili: ukuta wa namna hiyo hujengwa kwa urahisi mahali ambapo watoto hawapiti tena. Mtoto asiyejua diko ni kitu gani, akikua hatauliza limekwenda wapi. Ardhi hupotea mara mbili, kwanza katika kichwa cha mtoto, halafu katika daftari la serikali. Kwa hivyo ninapoomba asubuhi mbili kwa mwezi siombi burudani. Naomba watoto wazifahamu mali zao, wapate kuzilinda.

Wenzetu wafanyavyo

Huko Denmark, tangu miaka ya 1950, walimu walianza kuwapeleka watoto wadogo msituni kila siku, jua liwake au theluji ianguke. Waalimu wa Bridgwater, Uingereza, walikwenda kuwatazama mwaka 1993, wakarudi na kuanzisha ya kwao. Watu hao wana baridi ya kukausha mifupa, nao wameona kuwa mtoto husoma vizuri akishika udongo. Sisi tuna jua na bahari yenye vuguvugu, twawafungia wetu ndani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Hapa Kenya vilabu vya wanyamapori vya shule vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe. Mwaka huo huo wa 1968 zilitengwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Na huko Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wamehifadhi hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Walianza mwaka 2013 kulipwa na watu wa nje kwa kuwa miti hiyo huvuta na kuhifadhi hewa ya ukaa. Sehemu ya fedha ikanunua vitabu vya shule na kuleta maji ya kunywa. Kina mama wa Gazi nao wakatengeneza njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko, mgeni akatembea bila kuzama topeni. Mikoko imewanunulia watoto vitabu. Haitakuwa vibaya vitabu vikiwarudisha watoto mikokoni.

Hata serikali imefungua mlango. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini kwa madarasa ya chini mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa kuyachunguza mazingira yake. Yasije yakawa mazingira ya picha iliyokatwa gazetini na kubandikwa kwenye daftari.

Wasemao hapana

Najua hoja nitakazojibiwa. Ya kwanza ni hatari. Mzazi atasema: bahari haina mzaha, na mtoto ni mmoja. Kweli. Mwambani kuna mkunga aumaye akitiwa mkono pangoni. Kuna samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe. Kuna konokono wa bahari mwenye gamba la kupendeza, la umbo la pia, ambaye humchoma mtu kwa mwiba wa sumu, na ipo aina yake inayoua. Lakini tazama ni nani anayedhurika: ni yule aliyeliokota gamba lile kwa uzuri wake kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Watoto wetu wataiendea bahari tu, tupende tusipende. Wataiendea kwa wizi, siku ya Idi, wakati wa maji kujaa, pasi mtu mzima. Kuwafundisha ndiko kuwalinda.

Hoja ya pili ni stara ya watoto wa kike. Nimekwisha sema kuwa nyanya zetu walikwenda, na hakuna aliyewazidi kwa stara. Walimu wa kike wawepo, wasichana wawe na kundi lao kama wazazi wanataka, nguo ziwe za heshima, na viatu vya kufunika miguu. Hapo sioni la kukataza.

Hoja ya tatu ni mitihani. Asubuhi mbili kwa mwezi zitakula masomo, wasema. Mimi nauliza: mtoto aliyepima kivuli, akajumlisha saa za maji, akahesabu kaa ndani ya mraba wa mita moja, akarudi akaandika insha ya aliyoyaona kwa Kiswahili fasaha, amepoteza somo gani? Hisabati ameifanya, sayansi ameifanya, na lugha ameipata pale inapozaliwa. Maana maneno nayo yanakufa. Bamvu, matlai, mataruma, mlilana: haya hayakai kamusini kwa raha. Neno hukaa hai likitajwa mbele ya kitu chake.

Hoja ya nne huletwa na baadhi ya masheikh na maustadhi wetu: kwamba wakati wa mtoto ni mchache, bora ahifadhi. Kwa heshima nawajibu kuwa Kitabu chenyewe kimezipa sura majina ya nyuki, sisimizi, buibui na ndovu, na katika Suratul Ghashiya tumeelekezwa kutazama namna alivyoumbwa ngamia, na mbingu, na milima, na ardhi. Kutazama hakuwezi kufanywa kwa niaba ya mtu. Maalim akiwapeleka wanafunzi wake ufuoni asubuhi moja ya Jumamosi, baada ya durusi, hajaliacha somo lake.

Ninaloomba

Basi nililete ombi langu likiwa kamili. Kila shule na madrasa iliyo karibu na maji ichague siku mbili katika mwezi wa Kiislamu, moja baada ya kuandama na moja baada ya mwezi mpevu. Watoto watoke saa mbili na nusu, maji yakiwa yanakwenda. Wawe mwambani au mikokoni saa nne. Na maji yakianza tu kurudi, nao warudi. Saa sita wako shuleni, wamenawa, wanangoja adhuhuri. Kofia, viatu na maji ya kunywa ndiyo gharama yote. Katika hifadhi, na pasipo hifadhi pia, wasiokote kitu. Waangalie na waache.

Na mwalimu akisema hajui majina ya viumbe hao, hilo lisimzuie. Katika kila mtaa wa mwambao kuna mvuvi aliyezeeka, kuna fundi wa vyombo asiye na chombo cha kuunda, kuna bibi aliyeujua mwamba kama kiganja chake. Wengi wao wanakaa barazani bila ya kuulizwa lolote mwaka mzima. Aitwe mmoja, apewe kiti mbele ya watoto, aitwe mwalimu, na alipwe nauli na kitu cha shukurani. Wazee hao hawatakaa nasi milele, na kila janaza linalopita mtaani huondoka na kurasa ambazo hazikuandikwa popote.

Walimu wakuu, wazazi, maimamu, ombi hili halihitaji sheria mpya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Lahitaji kalenda ya Kiislamu, ambayo imetundikwa katika karibu kila nyumba yetu, na mtu mzima mmoja aliye tayari kulowa miguu. Mwezi ukiandama tena, hesabuni siku mbili. Asubuhi ya siku hiyo, saa nne, maji yatakuwa yamekupwa. Watoto na wawepo.